Mlango wa Tatu wa Kisanduku

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi, lami ya barabara ya sokoni ilivimba kama unga uliotiwa hamira, ikapasuka, na maji yakaruka hadi usawa wa madirisha ya ghorofa ya pili. Bomba jipya lililokuwa chini yake, ambalo hata miezi mitatu lilikuwa halijatimiza, lilikuwa limefumuka urefu wa mita kumi na mbili. Maduka tisa yalijaa matope. Fundi cherehani aliyekuwa akishona kibarazani alisombwa yeye na cherehani yake hadi ng'ambo ya barabara, akaokotwa huko mguu wake umevunjika mahali pawili.

Saa tano kasoro dakika kumi, Inspekta wa upelelezi aliingia katika chumba cha udhibiti cha kituo cha kusukuma maji, kilomita mbili kutoka hapo. Alimkuta mtu mmoja ameketi mbele ya skrini ya kizamani yenye maandishi ya kijani, mikono ameiweka magotini. Kituo kizima kilimwita Mzee wa Zamu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika kiti kile, na alibakiza wiki tano kustaafu.

"Saa nne nani alikuwa humu?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Peke yangu, afande."

Inspekta aliweka mezani karatasi iliyochapwa makao makuu ya maji. Kila amri iliyotolewa kituoni ilihifadhiwa huko, pamoja na saa yake, jina la mtumiaji na mahali ilipotoka. Mistari mitatu ilikuwa imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Saa nne na dakika kumi na nne, mtumiaji "zamu" ameingia kupitia mlango wa tatu. Saa nne na kumi na sita, mtumiaji huyo ameiwasha pampu ya pili na kufungua vali kuu yote. Saa nne na ishirini na mbili, mtumiaji "zamu" ameingia tena kupitia mlango wa tatu na kuzima pampu zote.

"Mlango wa tatu ni upi?"

"Ni huu hapa," Mzee wa Zamu alisema, akagusa kibodi yake. "Lakini hiyo amri ya saa nne na kumi na sita sikuitoa mimi. Skrini ilikuwa imeharibika. Ilijaa takataka, alama zisizosomeka. Iliporudi nikaona kipimo cha msukumo kimepanda mpaka mwisho, ndipo nikazima."

"Jina ni lako, mlango ni wako, na chumbani ulikuwa peke yako," Inspekta alisema. "Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungemkamata nani?"

Mzee alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akatangulia kutoka.

*

Mkamwana wa Mzee wa Zamu alipata habari saa saba mchana. Alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano, mwanamke wa miaka thelathini na minane, na mtaani walimwita Bi Nyaya kwa sababu mkoba wake haukukosa waya. Mume wake alimpigia simu. "Baba wamemweka ndani. Wanasema amepasua bomba kwa makusudi."

"Nimekusikia. Mpelekee mama yako habari kwa utaratibu," alisema. "Mimi naenda polisi."

Kesho yake, Ijumaa saa mbili asubuhi, ndipo alipoonana na Inspekta. Inspekta alimsikiliza, kisha akakuna kidevu.

"Wewe ni mkwewe. Hata ukisema kweli tupu, mahakamani watasema unamtetea baba wa mumeo."

"Ndiyo maana sitaki uniamini, afande. Nataka nione mitambo, halafu nikuonyeshe kitu utakachokiona kwa macho yako mwenyewe."

"Na ukionekana hujui kitu?"

"Nitarudi nyumbani na aibu yangu."

Tangu jana Inspekta alikuwa akitafuta mtu wa kumweleza mitambo ile inafanyaje kazi, na kila aliyemuuliza alimrudishia maneno magumu kuliko swali. "Nakupa saa mbili," alisema hatimaye. "Hutabadilisha kitu, na mimi nitasimama nyuma yako."

Kwanza Bi Nyaya aliomba aonane na mzee. Waliketi watatu katika chumba kidogo chenye benchi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hukupaswa kufika mahali kama hapa."

"Nipo kikazi, Baba. Niambie ilikuwaje, tangu ulipoingia."

Mzee alieleza taratibu. Aliingia zamu saa kumi na mbili, kila kitu kikiwa sawa. Saa tatu na dakika hamsini na mbili alama za ajabu zilianza kujipanga kwenye skrini, mstari mmoja ukijirudia. Alibonyeza kila kitufe bila mafanikio. Alipiga simu makao makuu kwa Bwana Mtandao, mtaalamu wa kompyuta, akaambiwa asubiri. Kama saa nne hivi alama ziliacha kusogea, skrini ikaganda. Dakika ishirini baadaye ikarudi yenyewe.

"Iliporudi ilikuuliza neno la siri?"

"Iliniuliza. Nikaandika, nikaingia, nikazima pampu."

"Kawaida ukikaa bila kugusa kibodi, inakutoa baada ya muda gani?"

"Dakika kumi. Miaka yote."

Bi Nyaya aligeuka kwa Inspekta. "Afande, tazama karatasi yako. Mtumiaji ameingia saa nne na kumi na nne. Ameingia tena saa nne na ishirini na mbili. Hapo ni dakika nane. Mtu aliye ndani, ambaye hajatolewa, anaingiaje mara ya pili?"

Inspekta aliisoma karatasi kana kwamba ameletewa mpya. "Labda alitoka mwenyewe."

"Labda. Lakini kutoka nako kungeandikwa. Hakukuandikwa. Kutoka hakuandikwi pale tu kebo inapochomolewa."

*

Kwenye kituo cha maji Bi Nyaya alifunguliwa chumba cha kabati, kilichotenganishwa na chumba cha udhibiti kwa ukuta mmoja. Ndani ya kabati kulikuwa na sanduku la chuma, dogo kama sanduku la viatu, ambalo wafanyakazi waliliita Kisanduku. Nyuma yake kulikuwa na matundu manane ya kebo.

"Kila tundu ni mlango," alimweleza Inspekta. "Mitambo ya zamani haijui mtandao, basi Kisanduku kinasimama katikati kama mkalimani. Kila mlango una mipangilio yake: unazungumza kwa kasi gani, nani anaruhusiwa kuingia, aulizwe neno la siri au asiulizwe, na akikaa kimya atolewe baada ya dakika ngapi. Wa tatu ni kiti cha Baba. Wa sita ni mita ya bomba jipya. Wa nane ni wa mafundi, hauna kitu."

Alifungua orodha ya mipangilio bila kubadilisha hata nukta. Milango sita ilikuwa na kasi ya elfu tisa na mia sita na muda wa dakika kumi. Mlango wa sita, wa mita, ulikuwa na kasi ya elfu kumi na tisa na mia mbili, hauulizi neno la siri, na muda wake ni dakika ishirini na tano. Mlango wa tatu ulikuwa na kasi ya kawaida na uliuliza neno la siri kama kawaida. Lakini muda wake haukuwa dakika kumi. Ulikuwa ishirini na tano.

Bi Nyaya aliandika namba ile kwenye daftari na kumwomba Inspekta aandike kwenye lake.

"Neno la siri la kubadilisha mipangilio ya Kisanduku anajua nani?"

"Wanasema Bwana Mtandao peke yake," Inspekta alisema.

"Basi twende kwake."

Bwana Mtandao alikuwa kijana mtanashati wa miaka thelathini, mwenye ofisi yenye kiyoyozi na mikono isiyotulia. Inspekta ndiye aliyeuliza.

"Jana Mzee wa Zamu alikupigia simu?"

"Hapana."

"Anasema alikupigia saa tatu na dakika hamsini na nne."

"Anasema tu. Mtu aliyebanwa atasema lolote."

"Rekodi za simu za ofisi nimeshaziomba," Inspekta alisema. "Nitazipata saa tisa. Unataka kusubiri?"

Kijana alifunga droo iliyokuwa haijafunguliwa. Bi Nyaya aliona wazi kwamba Inspekta ameshapata mtuhumiwa wa pili, na pingu zinamwasha kiunoni.

"Alinipigia," kijana alisema mwishowe. "Nilikuwa naingia kikaoni. Nilimwambia asubiri, nikasahau. Nilipotoka saa tano nikakuta mji umefurika. Nikaogopa. Angenisikiliza nani?"

"Kikaoni ulikuwa na nani?" Bi Nyaya aliuliza.

"Meneja na wakuu wa idara wote. Saa nne kasoro tano mpaka saa tano."

"Baba alikusomea alama alizoziona?"

"Alinisomea herufi moja moja, ana subira yule mzee. Niliziandika." Alipekua mezani, akatoa kijikaratasi cha njano chenye alama kumi na saba: mabano, viulizo, herufi zilizosimama kichwa chini miguu juu. Pembeni ameandika saa: tatu na hamsini na nne.

Inspekta alipotaka kumchukua, Bi Nyaya alimgusa mkono. "Huyu si mtu wetu, afande. Ameficha uzembe, hakuficha zaidi. Kitu cha kumuuliza ni kimoja: neno la siri la Kisanduku ulimpa mtu yeyote?"

Kijana aliangalia zulia. "Lilikuwa kwenye fomu. Mita ya bomba ilipofungwa, niliandika maelekezo hatua kwa hatua, na neno la siri, ili watu wa mradi wa bomba waifunge wenyewe. Sikulibadilisha baadaye."

"Fomu iko wapi?"

"Faili la matengenezo. Kule kituoni."

*

Kitabu cha getini kilionyesha wageni wawili Alhamisi asubuhi. Mpima Maji, mwanamke anayechukua sampuli, aliingia saa tatu na nusu. Msimamizi wa mradi wa bomba aliingia saa tatu na dakika arobaini. Wote walitoka baada ya saa nne na dakika ishirini na tano.

Mpima Maji alikuja amenuna. Wiki mbili nyuma Mzee wa Zamu alikuwa amempeleka kwa Meneja kwa kuchelewa kazini, na kila mtu alijua.

"Mnadhani nimemfungulia maji kwa hasira," alisema. "Simpendi, sitawadanganya. Lakini mimi nilikuwa juu ya tangi. Chupa zangu zote zimeandikwa saa. Niliposhuka kuchukua chupa nyingine nilipita chumba cha kabati nikakuta kimefungwa kwa ndani."

"Saa ngapi?"

"Chupa iliyofuata ni ya saa nne na dakika tano. Muda mfupi kabla ya hapo."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana hakuna aliyeniuliza. Mlishapata mtu."

Inspekta aliiandika saa hiyo kwenye daftari lake.

Msimamizi aliingia mwisho, mwanamume mnene mwenye sauti ya kubembeleza, viatu vyake bado vina matope ya barabara ya sokoni. Alitoa pole kwa Bi Nyaya kabla hajaketi. "Mzee amechoka, mama. Umri nao ni mzigo. Mimi simlaumu."

"Hapa Alhamisi ulifuata nini?" Inspekta aliuliza.

"Kukagua vali za nje. Jumatatu kuna jaribio la msukumo, wakaguzi wanatoka nje kuja kulipima bomba. Ilikuwa tuwaonyeshe kazi nzuri. Sasa ndiyo hivyo tena."

"Chumba cha kabati uliingia?"

"Nikafanye nini? Mimi ni mtu wa mabomba, afande. Kile kisanduku sijui hata kinawashwaje. Sijawahi kukigusa tangu nizaliwe."

Bi Nyaya aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Walipobaki wawili, alimwambia Inspekta, "Naomba mambo matatu. Faili la matengenezo. Kipande cha bomba lililopasuka. Na kesho asubuhi, watu wote hawa katika chumba cha udhibiti, pamoja na Baba."

"Unamjua aliyefanya?"

"Namjua. Lakini tulikubaliana uone kwa macho yako."

*

Jumamosi saa tatu kamili, chumba cha udhibiti kilijaa. Meneja alisimama mlangoni. Bwana Mtandao, Mpima Maji na Msimamizi walikaa kwenye viti vya kukunja. Mzee wa Zamu aliletwa na askari, akaketi kwenye kiti chake cha miaka yote. Bi Nyaya alimwinamia, akanong'ona, "Leo usiguse kitu, Baba. Tazama tu."

Kisha alisimama wima.

"Kijikaratasi hiki kina alama ambazo Mzee alizisoma kwenye simu saa tatu na hamsini na nne, dakika ishirini na mbili kabla ya amri iliyopasua bomba. Meneja, kishike wewe. Mlango wa tatu unaongea kwa kasi moja, na skrini hii inasikia kasi hiyo tu. Ukibadilisha kasi ya mlango, skrini inasikia maneno nusunusu. Inaandika takataka. Lakini kila kasi ina takataka yake, na kwa maneno yaleyale, takataka ni ileile. Bwana Mtandao, nenda kwenye kabati. Weka mlango wa tatu kasi ya elfu nne na mia nane."

Bwana Mtandao alikwenda. Skrini ilicheza, ikajaa alama.

"Zinafanana?"

"Hapana," Meneja alisema.

"Elfu thelathini na nane na mia nne," alipaza sauti kuelekea ukutani.

Alama nyingine. Meneja alitikisa kichwa. Msimamizi alikohoa.

"Sasa elfu kumi na tisa na mia mbili."

Skrini ilijipangusa, kisha mstari mmoja ukaanza kujirudia kutoka juu hadi chini. Meneja alisogea. Aliweka kijikaratasi kando ya kioo, akapitisha kidole, alama moja baada ya nyingine, mabano kwa mabano, kiulizo kwa kiulizo. Chumba kizima kilimsikia akihesabu mpaka kumi na saba.

"Ni zilezile," alisema. "Zote."

"Mzee, jaribu kuandika amri."

Mzee wa Zamu alibonyeza kibodi. Hakuna kilichoitika.

"Kwa hiyo saa ile," Bi Nyaya alisema, "mtu pekee ambaye hakuweza kabisa kuwasha pampu ni huyu aliyekaa kwenye kiti hiki."

Inspekta alishusha pumzi ndefu. Alikwenda kwa askari, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mzee yuko huru. Kaa kule mlangoni."

"Sasa tumtafute aliyebadilisha," Bi Nyaya aliendelea. "Fundi anayejua kazi angebadilisha kasi ya kompyuta yake mwenyewe ifuate mlango. Ni kazi ya sekunde tano, na skrini ya Mzee isingeonyesha chochote. Kwa hiyo si Bwana Mtandao. Aliyebadilisha alikuwa anafuata karatasi asiyoielewa. Alijifungia chumba cha kabati na kompyuta mpakato. Aliinakili juu ya mlango wa tatu mipangilio ya mlango mwingine, ambao hauulizi neno la siri. Akaandika jina 'zamu'. Akachomoa kebo ya Mzee, ndiyo skrini ikaganda, akachomeka yake. Alipomaliza alirudisha kasi na neno la siri. Akasahau kitu cha tatu. Mpaka asubuhi hii mlango wa tatu unasubiri dakika ishirini na tano badala ya kumi. Kituo hiki kina mlango mwingine mmoja tu wenye kasi hiyo na dakika hizo. Ni wa sita, wa mita ya bomba jipya."

Alifungua faili la matengenezo. "Hii ndiyo fomu ya mlango wa sita. Hatua kumi na mbili, neno la siri limo, na hatua ya tisa inasema: muda, dakika ishirini na tano. Chini pameandikwa, 'Nimeufunga mwenyewe kwa kutumia kompyuta yangu.' Inspekta, soma sahihi."

Inspekta alisoma, kisha akainua macho. "Msimamizi, jana uliniambia hujawahi kukigusa Kisanduku tangu uzaliwe."

"Fomu zile tunasaini ovyo ovyo," Msimamizi alisema. Sauti ya kubembeleza ilikuwa imemkauka. "Na nipasue bomba langu mwenyewe kwa faida gani? Niambieni. Ni kazi yangu ile."

"Hilo nami lilinisumbua jana," Bi Nyaya alisema. "Ndipo nikaomba kipande."

Inspekta alitoa chini ya meza kipande cha chuma kilichojikunja kama jani kavu, akampa Meneja kipimo cha unene. Meneja alipima mahali patatu. Uso wake ulibadilika kila alipopima.

"Mkataba ni milimita nane," alisema polepole. "Hii ni tano. Hapa ni nne na nusu."

Meneja alikiweka kipande mezani mbele ya Msimamizi.

"Jumatatu wakaguzi wangeupandisha msukumo, na bomba lingefumuka mbele yao," Bi Nyaya alisema. "Lakini likifumuka Alhamisi, kwa kosa la mzee anayekaribia kustaafu, nani atapima unene wa chuma? Lingefukuliwa, likatupwa, ukatandika jingine, na wewe ndiye unayepewa pole."

Msimamizi alimtazama Mzee wa Zamu, si Bi Nyaya. "Lingepasuka tu," alisema. "Leo au kesho. Nilitaka lipasukie mikononi mwa mtu mwingine. Sikujua kuna mtu atakuwa amekaa pale kibarazani."

"Nilikuwa nakukaribisha chai humu," Mzee wa Zamu alisema.

Kompyuta ya Msimamizi ilikutwa kwenye gari lake, na ndani yake programu bado ikiwa imewekwa kasi ya elfu kumi na tisa na mia mbili. Alitolewa na pingu saa nne kasoro robo. Mpima Maji alimfungulia mlango, akausukuma nyuma yake kwa kiatu.

*

Kazi iliyobaki ilikuwa ya Bi Nyaya. Meneja alimwomba apange upya milango yote minane, na Bwana Mtandao akakaa kando yake akiandika kila hatua bila kiburi. Jina "zamu" lilifutwa. Kila mfanyakazi alipata jina lake na neno lake la siri, na kila badiliko la mipangilio likaanza kuandikwa makao makuu. Mlango wa nane ulifungwa kabisa.

Kule sokoni mafundi walikuwa wameunganisha bomba la zamani, ambalo chuma chake ni kinene, kupita pembeni ya shimo. Saa nane mchana walipiga simu kwamba wako tayari. Meneja alitaka kumpa mtu mwingine zamu ili mzee akapumzike.

"Nimelala siku mbili kwenye benchi," Mzee wa Zamu alisema. "Nimepumzika vya kutosha."

Alifungua vifungo vya koti, akalitundika, akavuta kiti. Skrini ya kijani ilimuuliza jina. Aliandika jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, kisha neno la siri, akilificha kwa kiganja hata mkamwana wake asilione. Bi Nyaya aligeukia dirishani akitabasamu. Mume wake alikuwa ameshafika, amesimama uani na mama yake, wote wawili wameelekeza macho kwenye paa la nyumba ya pampu.

"Pampu ya kwanza," Mzee alisema, akabonyeza.

Sakafu ilitetemeka. Mngurumo ulipanda kutoka chini, ukakaa sawa, na sindano ya msukumo ikainuka taratibu mpaka kwenye alama yake na kutulia. Baada ya dakika sita simu ililia. Ilitoka sokoni. Mzee aliiweka sauti ya juu ili kila mtu asikie: maji yakigonga ndoo, na watu wakiitana barabara nzima kwamba yametoka, njooni, yametoka.

Mzee wa Zamu alivuta daftari, akaandika saa, na mbele yake akaandika: msukumo sawa, maji yamefika.